Jiwe la mizani limetobolewa, na anayepima ni mimi

Tumsifu Yesu Kristo, wadau. Nina miaka 26, nauza kwenye duka la nafaka hapa Dar kwa mshahara wa 180,000 kwa mwezi. Jiwe letu la kilo moja limetobolewa chini, madini ya risasi ya ndani yakatolewa, tundu likazibwa kwa nta nyeusi. Nililipima kwa jirani: gramu 900. Bosi ndiye aliyelitoboa. Nilipomuuliza akasema, "Kama huwezi, wako wengi."

Mjane mmoja wa jumuiya yetu huchukua maharage kilo tatu kila Jumatatu, anawapikia mafundi. Nampunja gramu 300, halafu Jumapili tunapeana mkono wa amani. Tangu Kwaresma sipokei Komunyo. Ila mdogo wangu yuko kidato cha nne, na dawa za presha za mama nanunua mimi. Nifanyeje?

Mtulivu: Dada, usikurupuke. Hata Naamani wa kwenye Biblia alimwomba nabii Elisha asamehewe akiinama na bwana wake katika hekalu la Rimoni, mungu wa kipagani, akaambiwa aende kwa amani. Mwizi ni bosi, wewe umetumwa.

Katekista Mstaafu: Milele amina, mwanangu. Ndugu hapo juu, Naamani alipoinama hakuna mjane aliyepunjwa. Amri ya saba, usiibe, haimwachi aliyetumwa. Lakini kinachoniuma zaidi ni wewe kukaa mbali na Komunyo muda wote huo. Usisubiri mambo yanyooke ndipo uende kitubio. Nenda wiki hii, umweleze padre kila kitu, hata habari ya mshahara. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Wewe anza na zile gramu 300, kutoka mfukoni mwako.

Mama Nafaka: Mimi nina duka, naongea kama mwenye duka. Mwambie kibiashara: Wakala wa Vipimo wakilikuta jiwe hilo, mwenye leseni ni yeye. Na mama ntilie anajua sufuria lake linajaa kwa kilo ngapi. Siku akishtuka, anahama na wenzake wote. Huku unaongea naye, tafuta kazi kimyakimya.

Mleta uzi: Asanteni sana. Leo nimempimia yule mama kilo zake, nikaongeza nusu na kuilipia mwenyewe. Akauliza, "Leo kuna nini, mwanangu?" Nikashindwa kumjibu. Jumamosi saa kumi naenda kitubio. Bosi akirudi safari, namkabidhi jiwe lake mkononi.