Kauli halisi na kauli taarifa za Kiingereza: tupeane uzoefu

Mwalimu_Kidato3: Wakuu, habari za leo. Wanafunzi wangu wamekariri jedwali lote la kugeuza kauli halisi (maneno ya mtu kama alivyoyatamka) kuwa kauli taarifa (maneno hayo yakisimuliwa na mwingine): "am" inakuwa "was", "will" inakuwa "would", "tomorrow" inakuwa "the next day". Kwenye jaribio wanapata vyema. Ila mwagize mmoja akampe mwenzake ujumbe kwa Kiingereza uone anavyokwama. Naomba visa vya watu wanaoitumia kazini. Kanuni ninazo, msiniletee.

Karani_Moro: Mkuu, mimi ni katibu muhtasi. Vikao vya bodi yetu vinaendeshwa kwa Kiswahili, muhtasari unaandikwa kwa Kiingereza. Mwenyekiti akisema "gari jipya litafika kesho", siwezi kuandika "will arrive tomorrow", maana muhtasari unathibitishwa kikao kijacho, miezi imeshapita. Kesho ya lini? Naandika "would arrive the following day", au naweka tarehe kabisa, ubishi unaisha.

Ila moto wenyewe uko kwenye kitenzi cha mwanzo. Kuna mjumbe aligoma muhtasari usithibitishwe kwa sababu ya "promised". Akasema hakuahidi, alisema atajaribu. Tulibishana hadi chai ikapoa, mwisho ikawekwa "said he would try". Kwa hiyo usiwaachie "said" peke yake. "Admitted" inamtia mtu hatiani, "denied" inamkinga, "suggested" haimfungi kwa lolote.

Mkalimani: Kwetu ni kinyume kabisa. Mahakamani shahidi akisema "nilimwona akitoka dukani", natamka "I saw him leaving the shop". Sisemi "he says that he saw him", kwani huyo "he" wa pili atakuwa nani, shahidi au mshtakiwa? Mkalimani anasema "mimi" ya msemaji.

Shughuli inakuja shahidi anaposimulia maneno ya mwingine: "Akaniambia nitakuua." Kwenye maongezi hakuna alama za kunukuu. Anayejua Kiswahili anasikia papo hapo kwamba hayo ni maneno ya yule mtu yenyewe, hayajaguswa. Natoa hivyo hivyo: "He told me, 'I will kill you.'" Shahidi angesema "akaniambia ataniua", ningetoa "he told me he would kill me". Wakili anaweza kusimamia tofauti hiyo asubuhi nzima.

Mdau_Kitale: Sisi Kenya tulikutana nayo sana kwenye karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. "Did you eat?" inageuka "She asked whether I had eaten", na kiulizo kinaondoka. Darasa zima tulikuwa tunakiacha pale mwishoni. Mwalimu anakizungushia kalamu nyekundu, hasemi kitu, anaendelea na daftari la pili 😂

Mama_Nasri: Jamani, mimi niko Muscat, kazi za ndani. Mama mwenye nyumba hajui Kiswahili, Kiarabu changu cha kuombea maji, kwa hiyo ni Kiingereza. Kutwa napeleka ujumbe kwa dereva: "Madam say no wash car today." Gari haioshwi. Hizo "had" zenu huku sijaziona.

Mwalimu_Kidato3: Dada, umenivunja mbavu, ila uko karibu na kitabu kuliko unavyodhani. Ongeza "s" iwe "says", na kwa kuwa kitenzi hicho ni cha wakati uliopo, nyakati zinazofuata hazirudishwi nyuma.

Kalamu_Dar: Mwandishi wa habari hapa. Hata ikiwa "said", kurudisha wakati nyuma si lazima kila mara. "The engineer said the bridge is safe" na "the bridge was safe" zote sahihi. Nikiandika "is", msomaji anaweza kuona na mimi nakubali daraja liko salama. Nikiandika "was", namwachia mhandisi maneno yake. Kabla sijalikagua daraja mwenyewe, ni "was" tu. Na mtu akiniambia jambo kwa Kiswahili nami naandika kwa Kiingereza, sipendi kuliweka ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu hayo maneno hakuyatamka. Wenzangu wengi wanaweka, tunagombana kila siku.

Mkalimani: @Kalamu_Dar hapo kwenye kunukuu tutagombana na mimi pia.

Mwalimu_Kidato3: Asanteni. @Karani_Moro, nataka wawili waigize kikao kwa Kiswahili, wengine waandike muhtasari kwa Kiingereza. Nianzie wapi?

Karani_Moro: Kataza "it was said that". Ukiiruhusu wote wataikimbilia, na hutajua nani alisema nini.