Chujio la sponji, la kuning'inia au kanista kwa tangi la mbuna?

tangi_la_tabata
Wakuu, naomba ushauri. Tangi langu ni sm 120 × 40 × 45. Kwa hesabu ni lita 216, ila nikitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama 180. Nataka mbuna, wale samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, 20 hivi. Dukani nimeonyeshwa sponji mbili za pampu ya hewa, chujio la kuning'inia nyuma ya tangi, na kanista, yaani chujio la kopo lililofungwa, ya kuweka kabatini, iliyoandikwa lita 1,000 kwa saa. Nichukue lipi? Umeme kwetu hukatika hata saa nne mfululizo.

mzee_wa_mawe
Kanista bila kufikiria mara mbili. Mbuna wanakula sana na wanachafua sana. La kuning'inia lina chumba kidogo, midia (vitu vya ndani ya chujio ambavyo bakteria hujishika) haitoshi.

sponji_mbili
Mkuu, hapo kwenye umeme usipite haraka. Bakteria wa kwenye chujio wanaogeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wanahitaji oksijeni muda wote. Kanista imefungwa, maji yakisimama ndani, oksijeni inakwisha na bakteria wanaanza kufa. Mimi umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri nikiwa nimelala, mashine ikayasukuma yale maji yaliyooza moja kwa moja kwenye tangi. Asubuhi nilikuta samaki 9 wamelala chini. Niliwalea tangu wana urefu wa kidole, iliniuma sana.

Sponji ipo wazi ndani ya tangi, na pampu ya hewa ya betri ni bei nafuu. Umeme ukikata, mapovu yanaendelea.

mzee_wa_mawe
Pole sana ndugu. Hilo nakubali. Kanista ikisimama zaidi ya saa moja au mbili, ifungue, mwaga maji yake, suuza midia kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

dada_wa_maji
Naongeza kwenye ukubwa, maana watu wengi wanaangalia lita kwa saa tu. Namba hiyo hupimwa chujio likiwa tupu. Ukishajaza midia na kupandisha maji kutoka kabatini, hupati 1,000. Kwa mbuna mimi hutaka maji yote yapite mara 5 hadi 8 kwa saa, yaani lita 900 mpaka 1,400 halisi kwa tangi lako.

Ila kazi ya bakteria inapimwa kwa chakula unachotupia, kwa sababu amonia inatokana na hicho. Samaki 20 wanaolishwa kidogo ni mzigo mwepesi kuliko 10 wanaoshibishwa mara nne kwa siku. Na kumbuka mbuna wanataka pH ya 8 hivi. Kwenye pH hiyo sehemu ya amonia iliyo sumu ni karibu mara 10 ya ile ya pH 7, hivyo kosa dogo linaua.

Kwa hiyo: kanista pamoja na sponji moja kubwa yenye pampu ya betri.

tangi_la_tabata
Asante dada. Midia ya dukani ni ghali mno. Mawe ya volkano yanafaa?

dada_wa_maji
Yanafaa kabisa, yana vitundu vingi vya bakteria kujishika. Yaoshe hadi maji yatoke safi. Tanguliza sponji nene ili uchafu usizibe vitundu hivyo.

sponji_mbili
Na usioshe midia kwa maji ya bomba, klorini itaua bakteria wako.

mzee_wa_mawe
Samaki wasubiri hadi bakteria waongezeke. Weka amonia kidogo ya kuwalisha, pima kila siku. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Siku ukitia amonia ya 2 ppm (miligramu 2 kwa lita), na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zikasoma sifuri, badilisha maji mengi kushusha nitrati, kisha walete.

tangi_la_tabata
Nimeelewa. Jumamosi nanunua kanista, sponji na vipimo. Nitaleta namba za wiki ya kwanza hapa.