Naomba ushauri: nitazisomaje takwimu za kijiji cha Jambur, India?

Habari zenu wakuu. Nasoma sosholojia na naandika tasnifu kuhusu Jambur, kijiji kidogo cha Gujarat wanakoishi Wasidi wengi, watu wenye asili ya Afrika. Nawahesabu kuwa ndugu zetu, ndiyo maana sitaki kuwaandika ovyo.

Shida ni takwimu. Sensa ya 2011 inatoa kwa kila kijiji idadi ya kaya, wanaume na wanawake, watoto wa miaka 0 hadi 6, wanaojua kusoma, na wafanyakazi. Lakini makabila yote yaliyoorodheshwa na serikali yamewekwa fungu moja, kwa hiyo Wasidi hawaonekani peke yao. Dini haipo kabisa kwa ngazi ya kijiji. Na sensa ya 2021 iliahirishwa, kwa hiyo watoto waliohesabiwa 2011 sasa ni vijana.

Mliowahi kufanya utafiti vijijini India, nitegemee kumbukumbu za baraza la kijiji au nipite nyumba kwa nyumba? Na kumuuliza mtu kabila au tabaka lake mlangoni kwake, huko huchukuliwaje? Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi.