Mrejesho: kujua patani (kipande unachotafuta) inaanzia wapi kwenye stringi (maandishi) kwa Python

Wakuu nimerudi na mrejesho wa lile swali langu, nilikuwa nataka kujua "Tsh" inaanzia herufi ya ngapi kwenye meseji za miamala, re.match (ya moduli ya re, ya kutafuta patani) ikawa inanirudishia None tu, yaani haijapata kitu. Asanteni sana aisee, kumbe match inacheki mwanzo wa stringi tu! Nikaweka re.finditer (inaleta kila sehemu patani inapopatikana) na m.span() (m ni kila iliyopatikana, span ni inapoanzia na inapoishia, ya mwisho haimo) kama mlivyonishauri, kwenye "Umepokea Tsh 5000" ikatoa (9, 12), safi kabisa, ila inahesabu kuanzia 0 msije mkachanganyikiwa kama mimi.

Iliyogoma ni patani zinazoingiliana: "papa" ndani ya "papapa" inaleta inayoanzia 0 tu, inayoanzia 2 inairuka. Aliyesema niweke (?=papa), yaani ichungulie tu mbele bila kuzichukua herufi, kanisaidia nusu, zote mbili zinatoka ila span ni tupu, (0, 0) na (2, 2), urefu najumlisha mwenyewe.