Utitiri umeingia kwa nyoka wangu, naombeni msaada

gamba_laini:
Wakuu habari zenu. Chatu wangu mmoja siku hizi anashinda kwenye beseni la maji, nikajua joto tu, jana namwaga maji nakuta vidoti vyeusi vimezama chini, nikamshika na vingine vikabaki vinatembea kiganjani. Pembeni ya macho navyo vimejibana chini ya magamba. Nina nyoka wengine maboksi ya jirani na kobe wawili chumba hichohicho. Nimwogeshe tu au kuna dawa?

mzee_wa_maboksi:
Utitiri huo mkuu, hamna ubishi. Kumwogesha maji ya uvuguvugu kunapunguza ila hakumalizi, wadudu wanapanda kichwani ambako maji hayafiki, na mayai hata hayako kwa nyoka, jike akishiba anashuka anaenda kutaga kwenye nyufa, chini ya magome, popote penye giza na unyevu. Vita iko kwenye boksi. Tupa matandiko yote na vipande vya mbao, tandika karatasi nyeupe uwaone vizuri, osha kwa maji ya moto sana hasa kwenye kona na reli za mlango. Na ufanye maboksi YOTE siku moja, hata yale unayoona masafi.

tumbo_baridi:
Mi napaka mafuta ya kula, wanakosa hewa wanakufa

mzee_wa_maboksi:
@tumbo_baridi wanakufa waliopakwa, walioko kwenye boksi je?

bibi_chatu:
Mi nina wasiwasi na hao kobe. Ukisikia mtu anakwambia aivamektini (dawa ya minyoo na wadudu), kataa, kobe inawaua kabisa. Fipronili (dawa ya viroboto na kupe) watu wanatumia, lakini puliza kwenye kitambaa ndo umfute nyoka, usimpulizie usoni, na kipimo umuulize vet kwanza hasa kama una nyoka wachanga. Halafu kwenye joto la 25 mpaka 30 yai linafika utu uzima kama wiki mbili hivi, kwa hiyo dawa ya mara moja haitoshi, lazima urudie. Ukimuona kinywa kimepauka na kalegea usisubiri, damu imeisha huyo, mpeleke.

gamba_laini:
Asanteni sana, naanza na maboksi leo. Karatasi nikae nazo mpaka lini?

bibi_chatu:
Mpaka upite mwezi na zaidi bila kuona hata kidoti kimoja, si kwenye karatasi si kwenye maji, maana hao wakikosa damu wanavumilia wiki kadhaa. Na huyo mgonjwa mhudumie wa mwisho, wanahamia kwenye mikono na nguo.