Haiku ya majimoto: wapi nimekosea?

Mwana_Wete: Salaam aleikum. Nimeandika juu ya majimoto, wale sisimizi washonao majani kuwa kiota:

Mkarafuuni
majimoto washona
umoja nguvu

Mbona haikai?

Fundi_wa_Mizani: Waalaikum salaam. Haiku, shairi fupi la Kijapani, ni mishororo mitatu ya mizani (silabi) 5-7-5. "Mkarafuuni" ina mizani 6, maana "m" hiyo ni silabi kamili: m-ka-ra-fu-u-ni. Lakini kosa kubwa ni mshororo wa tatu: unahubiri. Haiku huonyesha kitu, maana anaipata msomaji. Vina si lazima.

Shamba_Pemba: Nami naongeza, tazama nani anashona. Majimoto wakubwa hawana uzi. Wao huvuta kingo za majani, jani likiwa mbali hushikana viuno wakafanya mnyororo. Wengine huja na buu mdomoni, wanamgusisha jani hili na lile, na hariri hutoka kwake. Hapo ndipo penye shairi! Simama hatua mbili, usiguse tawi. Wanauma na kurusha asidi.

Fundi_wa_Mizani: Naam. Tia na neno la msimu:

Vuli yaanza —
majimoto washona,
uzi ni mwana

Mwana_Wete: Ahsanteni. Kesho narudi mtini na daftari.