Corolla DX KE70: 7K, 4A-GE au BEAMS ya Altezza? Na difu je?

Mwana-DX, Kikuyu
Salamu wadau. Nina Corolla DX, KE70 saluni, injini ni 4K ya cc 1290 na giaboksi ni K50, gia tano. Bodi ni safi na sakafu haina kutu. Kilichobaki ni nguvu. Nikipakia watu wanne kwenda Naivasha kwa njia ya juu, mlima wa Limuru naumaliza kwa gia ya tatu huku malori yakinibana nyuma. Nimebakisha machaguo matatu: 5K au 7K ya TownAce, 4A-GE, ama 3S-GE BEAMS ya Altezza pamoja na giaboksi yake ya gia sita. Pesa niliyo nayo ni ya kufanya kazi moja vizuri, si mbili. Kila fundi ninayemuuliza ananitajia bei ya injini tu. Giaboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma) nazo?

Fundi wa Kariobangi
Ndugu, umeuliza panapostahili. Injini utaipata Kirinyaga Road kwa asubuhi moja. Kinachovunjika baadaye kiko nyuma yake.

Piga hesabu. 4K hutoa nguvu ya kuzungusha kama Nm 105. Zidisha kwa gia ya kwanza ya K50, ambayo ni 3.789, kisha kwa uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi magurudumu ya nyuma yakizunguka mara moja. Tuseme yako ni 4.1. Hafu shafti (zinazozungusha magurudumu) zinapokea kama Nm 1,600. Weka 4A-GE ya valvu 20, Nm 160 hivi, na giaboksi ya T50 yenye gia ya kwanza ya 3.587, unafika 2,350. BEAMS na giaboksi yake inapita 3,000. Difu ya DX iliundiwa injini za K. Mzigo wa 4A itaubeba ukiwa mpole na klachi. Wa BEAMS hautaubeba, na nisingekudanganya kwamba kuna njia ya mkato.

Watu watakwambia uweke ekseli ya Hilux. Ni imara kweli, lakini ni pana na imekaa kwenye springi za majani. DX saluni ina springi za koili na fito nne. Kwa hiyo ekseli ifupishwe, hafu shafti zikatwe na kuchongwa meno upya, na mabano yote yalehemiwe kwa vipimo. Hiyo kazi peke yake ina bajeti yake.

Kwako mimi naona 7K. Ni cc 1781, ni ukoo wa K, inashika K50 yako na inavuta kutoka chini, na mlima unataka hivyo. Bloku yake ni refu kidogo kuliko la 4K, basi pima nafasi chini ya boneti kabla ya kununua. Sampu (bakuli la oili) na mikono ya injini vya TownAce huenda visikae kwenye DX. Weka vyako vya 4K karibu, usiviuze.

Valvu Kumi na Sita
Fundi nakuheshimu, lakini 7K bado ni injini ya pushirodi (valvu husukumwa kwa fito ndefu) na pumzi yake huisha mapema. 4A-GE ni cc 1587 na inapenda kuzunguka. Tena mpangilio wa nyuma wa AE86, Corolla iliyotoka na 4A-GE, ni huu huu wa DX: ekseli nzima, koili, fito nne. Toyota wenyewe walishaonyesha kwamba ndoa hii inawezekana.

Ila Mwana-DX, ukichagua ya valvu 20, ujue ilitengenezewa gari linalovuta mbele. Ukiigeuza ikae kwa urefu, distributa inagonga ukuta wa nyuma ya injini. Ama uihamishe, ama ukate ukuta. Mabomba ya maji nayo yapangwe upya. Na T50 yenye nyumba ya klachi ya 4A ni adimu, kwa hiyo tafuta giaboksi kwanza, injini ifuate.

Mzee wa Ngong Road
Msisahau tuko wapi. Nairobi ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru inapita 2,200. Injini isiyo na tabo hupoteza hapa mjini kama asilimia 15 hadi 18 ya nguvu iliyoandikwa. Farasi 210 wa BEAMS wanakuwa 175 hivi. Bado ni wengi mno kwa breki za DX, diski ndogo mbele na dramu nyuma. Kwa kijana wangu singeruhusu, hata angekuwa na hela.

Jambo lingine ni uwiano wa difu. Kwa tairi za 175/70R13, gia ya tano ya T50 ambayo ni 0.861, na difu ya 4.1, kilomita 100 kwa saa ni kama mizunguko 3,250 kwa dakika. Ukiweka 3.7 inashuka hadi 2,940. 4A-GE hiyo 3,250 haiisumbui kabisa. 7K ingefurahia ya chini.

Karatasi Kwanza
Namba ya injini imeandikwa kwenye logbook. Ukibadilisha injini, peleka mabadiliko NTSA (mamlaka ya usafiri barabarani), gari likaguliwe, na uwe na risiti ya duka pamoja na karatasi za forodha za injini. Duka lisilotoa hizo, ondoka. Mjulishe na mwenye bima, kwa sababu siku ya ajali atauliza.

Mwana-DX, Kikuyu
Asanteni sana. BEAMS nimeiondoa. Naegemea 7K, na pesa itakayobaki iende kwa breki na rejeta. Fundi, nitajuaje difu yangu ni ya ngapi? Kibandiko hakisomeki tena.

Fundi wa Kariobangi
Zuia magurudumu ya mbele, weka giaboksi huru, toa hendibreki. Inua gurudumu moja tu la nyuma na uweke stendi, lingine libaki chini. Tia alama ya chokaa kwenye propela, shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi difu. Zungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili (lingine limesimama, kwa hiyo mbili huhesabika moja) huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na sehemu ya kumi, ni 4.1.

Na propela ikiguswa, ipelekwe ibalansiwe kwa mashine. Mwinamo wa mkia wa giaboksi na wa pinioni (shafti ya kuingilia difu) uwe sambamba, la sivyo krosi, yaani viungo vya propela, zitatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa. Niandikie hiyo namba ya difu kabla hujamlipa mtu wa injini.